Siku ya Mifuko Mitupu

Kila mwezi wa nane, mvua ikiwa imeusahau uwanda wa Ruzizi, shamba la Apollinarie Irankunda hutoa jasho. Alfajiri udongo huwa na rangi yake ya majivu. Jua likishapanda juu ya milima ya Burundi, weupe huanza kujitokeza kwenye nyufa, halafu juu ya vibonge, mpaka kufika saa nne ardhi yote iko kama imemwagiwa unga. Mgeni anaweza kusema ni jambo la kupendeza. Apollinarie huutazama weupe huo jinsi mtu anavyomtazama mwizi anayemjua kwa jina.

Ni chumvi. Hupanda kutoka chini, inavutwa na jua. Zamani, kabla ya mpunga kufika upande huu, mama yake alikuwa akiikwangua kwa kipande cha kibuyu, anaichuja kwa maji na kuitia kwenye maharage yaive upesi. Alimfundisha bintiye kuionja kwa ncha ya ulimi. Kuna inayouma na kuondoka, alisema, na kuna inayouma na kubaki. Hiyo ya pili usiipikie watu, usiipandie kitu. Mama alikufa akiijua chumvi kama kiungo cha chungu chake. Binti ana miaka hamsini na mitatu na anaijua kama kitu kinachokula kabla yake.

Parseli yake, kipande chake cha shamba, ni ya mwisho kwenye mfereji. Maji yanayomfikia yameshapita kwenye mashamba arobaini na moja, yameosha miguu ya wenye mashamba hayo na kubeba chumvi ya wote. Alipewa mahali hapo mwaka ambao mume wake alikufa kwa kipindupindu, na wakati ule hakuna aliyegombana naye, kwa sababu hakuna aliyepataka. Mtoto wake wa kwanza, Ciza, anaishi Nyamianda, mjini Uvira, na kila Krismasi humwambia aache lile shamba aje kukaa mahali penye bomba. Kila Krismasi Apollinarie hula, hushukuru, na kurudi. Alilea watoto wanne kwa mpunga wa ari kumi, robo eka, za udongo mbaya. Hawezi kuona kwa nini aondoke yeye, na chumvi ibaki.

Watu humwita Mama Ciza, na husema ana hasira. Ni kweli anayo. Ila sababu yake husemwa mara chache, kwa hiyo afadhali isemwe hapa.

Miaka minne iliyopita proje moja, mradi wa kilimo, ilianza kuleta mbolea, ile nyeupe ya chembechembe inayoitwa urea, mfuko wa kilo kumi kwa kila parseli. Msimu wa kwanza karibu nusu ya mifuko ilivuka mto Ruzizi na kuuzwa ng'ambo, Burundi. Aliyeivusha hakujulikana, au alijulikana na wote, na hapa kwetu hayo mawili hayapishani sana. Komite ya mfereji ikakaa na kutoa sheria: kuanzia sasa mbolea yote itaingia mashambani siku moja, parseli zote, mbele ya macho ya watu. Kila mkulima atainua mfuko wake mtupu, atapigwa foto, na mfuko utarudi depo, ghalani mwa komite. Watu wakaiita Siku ya Mifuko Mitupu. Prezida wa komite, Marcellin, huvaa koti siku hiyo.

Sheria ilizuia wizi, na hilo lazima likubaliwe. Watu wa juu ya mfereji, wenye udongo mtamu, hawakuona ubaya wake. Lakini udongo wa chumvi una masharti yake. Lazima uoshwe. Unafungulia maji yajae, unayaacha siku mbili yailegeze chumvi, halafu unayatoa yote kwenye mfereji wa chini. Hata mpunga ukishapandikizwa unaosha tena, na tena, kwa maana chumvi haichoki kupanda. Sasa, kama umeshamwaga mbolea yote juu, utafanya nini? Ukiosha, mbolea inaondoka na maji kwenda Ruzizi, na Ruzizi inaipeleka ziwani. Usipoosha, chumvi inachoma mizizi, na mbolea, ambayo nayo ina ukali wake, inachochea moto. Dawa ilijulikana na kila mtu wa mwisho wa mfereji: tia kidogo, osha, tia kidogo tena. Lakini aliyeandika sheria anaishi juu, na kule juu chumvi ni kitu cha kununua dukani.

Mwaka jana Apollinarie alitii tena. Alimwaga mfuko mzima, akijua. Bruno, agronomu, yaani mtaalamu wa kilimo wa proje, mtu mpole mwenye mabuti safi, akasimama kwenye tuta na simu yake.

"Mama, cheka kidogo."

Kiganjani mwa Apollinarie zilikuwa zimebaki chembe chache. Akazitupa chini, akazikanyaga kwa kisigino kwa nguvu zake zote, mpaka mguu ukazama kwenye tope juu ya kifundo. Foto ikatoka hivyo: mwanamke ameinua mfuko mtupu, mguu mmoja haupo.

Wiki tatu baadaye majani yalianza kukauka kutoka kwenye ncha, kana kwamba mtu amepita na kiberiti kwenye kila jani. Mwezi wa sita alivuna nusu gunia. Jirani yake Claudette, wa parseli ya pembeni, hakuvuna kitu, na kwake ilikuwa mara ya pili. Sheria nyingine ya komite inasema kwamba parseli ikitoa chini ya magunia mawili kwa misimu miwili mfululizo, inanyang'anywa na kupewa mwenye bidii. Claudette akanyang'anywa. Mwenye bidii hakupatikana, maana wenye bidii wana macho. Shamba likabaki wazi, likawa jeupe, mbuzi wa watu wakawa wanakuja kulilamba. Claudette akaenda Kalundu, bandarini, kubeba magunia ya unga na ndagala kutoka kwenye maboti, mwanamke wa miaka arobaini na saba mwenye goti bovu.

Mkutanoni Marcellin alimwambia Apollinarie mbele ya watu, bila ubaya, kama mtu anayetangaza saa ya misa: "Na weye Mama Ciza, imebaki musimu moja."

Siku chache baada ya hapo alikuwa akikata mabua yaliyoungua ili ayafukie. Karibu na tuta mundu wake ukasimama. Mashina manne ya mpunga yalikuwa bado yamesimama, marefu, ya kijani, masuke yameinama kwa uzito. Manne tu, katika shamba zima. Katikati yake kulikuwa na shimo la kisigino.

Alichuchumaa. Akaingiza vidole kwenye shimo, tope jeusi, baridi, kiganja kizima kwenda chini. Akalionja. Chumvi ilikuwa juu. Kule chini ilikuwa kidogo sana. Zile chembe alizozizamisha kwa hasira maji hayakuzipata. Alikuwa ameosha shamba mara tatu na chembe zikabaki pale pale, zikitoa chakula polepole kwa mizizi iliyozifuata.

Hakufurahi. Alikaa pale na kuhesabu misimu mitatu ya kumwaga, na magunia ya Claudette, na goti la Claudette, na akahisi kichwa kikipata moto kuliko siku ya foto.

Msimu mpya ulipofika aliamua kwanza kuomba, kwa sababu hakutaka mtu aseme baadaye kwamba hakuomba. Komite ilikaa barazani mwa depo. Bruno alikuwepo, na daftari.

"Prezida, minye naomba mbolea yangu ikae humu mu depo," Apollinarie alisema. "Mufunge na kufuli yenu. Nitakuja kuchukua kikombe, munaniona, naenda kutia. Wiki mbili, kikombe ingine. Mufuko utaisha tu."

"Mama Ciza, sheria ni ya bote," Marcellin alijibu.

"Udongo si wa bote."

Watu wakacheka. Marcellin hakucheka.

"Kikombe leo, kikombe kesho, halafu mufuko unaota miguu. Na mto hauko mbali na kwenu."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Apollinarie ni Murundi wa uwanda huu, na kila mara mtu anapotaka kumfunga mdomo, hupatikana mto, na ng'ambo ya mto hupatikana kwao.

"Babu yangu alizikwa pale mufereji wenu unakata kona," akasema taratibu. "Mulihamisha mifupa yake ili maji ipite. Kwetu ni pale. Ukitaka kunionyesha kwetu, onyesha pale."

Mwanamke mmoja mzee, Josée, wa kabila la Bafuliiru, shangazi yake Marcellin, akakohoa kwenye benchi la nyuma.

"Weye Marcellin, minye nilikubeba mugongoni. Ile mwaka mifuko ilivuka, ilivuka na mutumbwi wa nani?"

"Shangazi, hapa ni mu komite."

"Ndiyo maana nauliza hapa. Nyumbani unakimbiaka."

Safari hii watu hawakucheka kwa sauti, ila mabega yalitikisika. Marcellin akasema ajenda inayofuata. Apollinarie akabaki amesimama.

"Bruno, mwanangu, nisomee ile sheria."

Bruno akafungua daftari. Mbolea yote iingie shambani siku moja, mbele ya mashahidi, na mfuko urudi mtupu.

"Itaingia," Apollinarie alisema, akaondoka.

Kwa Warundi wa uwanda kuna ikibiri: unaita wenzako, wanakulimia siku nzima, unawapikia, na siku yao ikifika unakwenda. Bafuliiru wanayo ya kwao, na miaka mingi ya kukaa pamoja imefanya sufuria kuwa moja. Apollinarie aliita ikibiri ya siku tatu, jambo ambalo halifanywi, na alipoulizwa ni ya kulima nini akajibu: "Ya kufinyanga." Walidhani anatania. Walikuja wanane. Josée alikuja na fimbo yake na kusema atakaa tu, mikono yake bado iko sawa. Claudette alikuja kutoka Kalundu kwa pikipiki, amepakiwa katikati ya dereva na katoni ya samaki.

Walichimba udongo wa kichuguu, ambao chumvi haijaufikia, wakauloanisha na kuukanda kwa miguu kama unga wa muhogo. Kisha wakakaa kivulini mwa kibanda cha mabati na kutengeneza vidonge, kila kimoja kama limau dogo, kila kimoja na tundu la kidole. Walivifunika kwa majani ya migomba visikauke. Elfu sita na zaidi. Siku mbili.

"Claudette, mikono yako imekuwa ya mwanaume," mmoja alimchokoza.

"Mwanaume gani? Bale ba Kalundu nawaacha nyuma na gunia kichwani."

"Basi tuletee moja anayebakia nyuma."

"Nikikuletea, utamulisha na nini, na munyu wa udongo huu?"

Claudette mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka, na ndiye aliyeacha kwanza. Kutoka pale alipokaa aliweza kuliona shamba lake, na mbuzi.

Siku ya Mifuko Mitupu ilipofika, mbolea iligawiwa saa moja asubuhi. Apollinarie alibeba mfuko wake kichwani mpaka mwisho wa mfereji, akaufungua mbele ya wanawake wanane. Watatu wakatia chembe, mbano mmoja wa vidole kwa kila tundu, na kulifunga. Wengine, na yeye pamoja nao, wakaingia kwenye shamba na makarai kiunoni. Katikati ya kila mashina manne mkono ulizama, kidonge kikaachwa kule chini, tope likazibwa. Migongo haikunyooka mpaka adhuhuri.

Marcellin alifika mwisho, kama kila mara, koti lake limeloa jasho, Bruno nyuma yake. Aliwaona wanawake wameinama kwenye maji ya kifundo, na juu ya maji hakuona hata chembe moja.

"Mama Ciza, mbolea iko wapi?"

"Iko mu shamba."

"Siione."

"Hata mpunga ukilimwa, weye hauuonaka. Unauonaka tu mu sahani."

"Usicheze na miye. Mufuko huu umepita wapi?"

Apollinarie alikwenda kwenye karai, akachukua kidonge kimoja, akamwekea Bruno kiganjani. Bruno akakivunja. Chembe nyeupe zikaangaza ndani ya udongo mwekundu. Alizitazama kwa muda mrefu, akatazama shamba, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyekumbuka kitu alichokiacha jikoni.

"Shuleni walitufundisha hii," akasema kwa sauti ndogo. "Kuzika mbolea chini. Nilisahau."

Apollinarie alikuwa amevumilia mto na kwao. Hilo hakulivumilia.

"Ulisahau," alisema. Hakupaza sauti, lakini wanawake wote walinyooka. "Miaka mitatu nakuambia hapa munyu unachoma, unaniandika mu daftari. Claudette anakuambia. Unatupiga foto. Uliniambia nicheke. Ulikuwa unajua dawa, na ukasahau, sababu shamba lako halimo humu. Minye siwezi kusahau, Bruno. Nikisahau, sikuli."

Marcellin aliagiza foto ipigwe upesi waondoke. Apollinarie akainua mfuko mtupu. Safari hiyo hakuna aliyemwomba acheke.

Siku ya nne alifungulia maji yakajaa, siku ya sita akayatoa. Mfereji wa chini ulikuwa umezibwa na magugu kwa miaka, maji yakipita kwa shida. Ni kazi ya komite kuusafisha, na komite ilikuwa bado inapanga. Aliuchimba peke yake, hatua sitini, kwa jembe na mikono. Maji yalitoka yamefifia rangi, na kingo zilipokauka ziliacha mstari mweupe. Aliosha tena baada ya wiki mbili, na tena. Mpunga uliinama kidogo kila mara, kama mtoto anayeogeshwa maji baridi, kisha ukasimama. Kufikia mwezi wa tano shamba la mwisho wa mfereji lilikuwa na kijani kizito kuliko mashamba kumi yaliyolitangulia, na watu walianza kupita njia ile bila sababu.

Habari hufika juu haraka kuliko maji yanavyofika chini. Wiki mbili kabla ya mavuno wageni watatu wa proje walishuka kutoka Bukavu. Marcellin aliwaongoza kwenye tuta, koti mwilini, na kutoka mbali sauti yake ilisikika ikieleza jinsi komite ilivyobuni njia mpya kwa ajili ya mashamba ya chumvi.

Apollinarie alikuwa amesimama kwenye tuta, pale linapokuwa jembamba kiasi kwamba watu wawili hawapishani. Jembe lilikuwa begani.

"Mama Ciza, tupishe. Wageni wanataka kuona."

"Waone toka hapo."

"Tupishe, mama."

"Hapa ni parseli inabakisha musimu moja. Mulisema weye na komite yako. Mutu akikanyaga mu kitu ya kunyang'anywa, ni hatari."

Mgeni mmoja, mwanamke mwenye kofia ya majani, akauliza kwa Kifaransa mama huyu anasema nini. Marcellin akageuka kutafsiri, na Bruno akamtangulia. Alizungumza akiangalia mabuti yake. Alisema kila kitu: sheria, siku moja, foto, mama aliyeomba kikombe akakataliwa. Alisema na lile neno, nilisahau. Alipomaliza, hakuna aliyetazama mpunga.

"Muandike," Apollinarie alisema. "Parseli ni yangu, hainyang'anywe, ikizaa ao isizae, mpaka mufereji wa chini usafishwe na komite. Watu wa mwisho batatia mbolea namna udongo wao unataka. Na shamba ya Claudette inarudi."

Bruno akaandika mambo mawili ya kwanza kwenye ukurasa wa daftari lake na kuuchana. Marcellin akatia sahihi, karatasi ikiwa juu ya mgongo wa Bruno, kwa sababu palikuwa na macho ya wageni watatu wa Bukavu. La tatu alilikataa kwa heshima.

"Hilo la Claudette, komite itakaa."

Apollinarie alikunja karatasi akaitia kifuani, akashuka kwenye tuta na kuwapisha. Hakuwaambia karibu, na walipoomba foto aliwapa mgongo.

Alivuna magunia manne na debe moja. Josée aliyapigapiga kwa fimbo kama ng'ombe wa mahari na kusema hata mpunga wa mpwa wake kule juu hauna tumbo hili. Parseli ilibaki kwake. Alipaswa kulala vizuri.

Zamu yake ya maji ni Jumatatu. Jumatatu ya kwanza baada ya mavuno alifungulia maji, yakajaa, halafu akachukua jembe na kukata tuta lililotenga shamba lake na lile la Claudette. Maji yakapita. Mbuzi wakainua vichwa, wakaondoka mmoja mmoja. Jumatano aliyatoa, na mfereji wa chini ukapitisha kitu cheupe kama uji.

Jumapili Claudette alikuja, amechelewa misa kwa makusudi. Akachukua udongo kidogo kwenye ncha ya ulimi, akatema.

"Munyu bado unabakia."

"Najua. Tunaosha tena."

"Komite ilikaa?"

"Haikukaa."

Claudette alilitazama tuta lililokatwa. "Batakufuata, dada. Kukata tuta ni kosa."

"Wanifuate. Karatasi iko hapa, na jembe liko hapa. Leta lako."

Claudette alikwenda kibandani, goti likimvuta upande mmoja, akarudi na jembe.